Jua, Maji na Plastiki: Historia Inayomfaa Kila Mama



Siku hizi huenda umesikia watu wakisema kwamba maji yetu yamejaa chembechembe za plastiki. Huenda pia umesikia kwamba wanasayansi wamepata unga wa ajabu ambao ukiwekwa kwenye maji na kupigwa na jua, plastiki inaisha kabisa. Sasa mama aliyezoea kuanika chupa za maji juu ya mabati anaanza kujiuliza: Je, chupa hizi nizitupe? Je, jua limenisaidia au limeniharibia? Je, ningoje huo unga?

Haya ni maswali ya maana, kwa sababu anayekunywa maji hayo ni mtoto. Leo tutayajibu kwa kufuata historia. Tutaona jinsi mwanadamu alivyojifunza kusafisha maji kwa mwanga, tumefika wapi, na ni nini bado hakijafika nyumbani kwako.

Vijidudu visivyopenda jua

Mama zetu na nyanya zetu walianika nguo za mtoto juani hata kabla ya kusikia neno bakteria. Waliona kwamba kitu kilichopigwa na jua hakinuki wala hakioti ukungu. Lakini sababu yake ilithibitishwa mwaka 1877, kule Uingereza, na watu wawili walioitwa Arthur Downes na Thomas Blunt.

Jaribio lao lilikuwa rahisi. Walichukua mirija ya kioo yenye maji ya sukari na virutubisho vingine, maji ambayo yakikaa huchacha. Mirija mingine waliiacha wazi kwenye mwanga wa jua, na mingine waliifunika kwa karatasi ya risasi isipenye mwanga. Ile iliyofunikwa ilichafuka na kuwa na ukungungu kwa sababu ya vijidudu. Ile iliyopigwa na jua ilibaki safi. Hivyo ikajulikana kwamba mwanga wenyewe, hata bila moto wa jikoni, unaweza kuua vijidudu.

Baadaye ilieleweka kwamba kazi kubwa hufanywa na miale ya urujuanimno. Miale hii hatuioni kwa macho, lakini kazi yake tunaijua: ndiyo inayochoma ngozi na kupausha nguo kwenye kamba. Joto la maji nalo husaidia.

Kutoka Beirut: jua na maji ya chumvi na sukari

Miaka mia moja ilipita kabla ya ujuzi huu kumfikia mama mwenye mtoto anayehara. Mwaka 1980, Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, nchini Lebanon, waliandika barua katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Wakati huo dunia ilikuwa imeshika mbinu mpya ya kuokoa watoto wanaohara: kuwapa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalum, yale tunayoyapata leo kwenye pakiti za ORS.

Lakini kulikuwa na tatizo ambalo kila mama wa kijijini analielewa. Pakiti unayo, lakini maji ya kuichanganyia ni ya mtoni. Kuni hazitoshi kuchemsha. Basi dawa ya kumwokoa mtoto inachanganywa na kile kile kilichomletea ugonjwa. Acra na wenzake walionyesha kwamba maji hayo, yakiwekwa ndani ya chombo kinachopenyeza mwanga na kuachwa juani kwa saa chache, vijidudu vyake hufa. Mwaka 1984, UNICEF ilichapisha kijitabu chao kuhusu mbinu hiyo. Kuanzia mwaka 1991, taasisi ya maji ya Uswisi iitwayo EAWAG ikaanza kuipima na kuieneza, na ikajulikana kwa jina la SODIS.

Watoto wa Kajiado

Msikilizaji, hapa ndipo historia hii inapofika nyumbani kwetu Kenya.

Miaka ya 1990, watafiti kutoka chuo cha udaktari cha Dublin, nchini Ireland, wakiwemo Ronán Conroy na Kevin McGuigan, walifanya kazi na jamii ya Wamaasai wa Kajiado. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1996. Watoto 206 wa kati ya miaka 5 na 16 walihusika. Kila nyumba ilipewa chupa za plastiki. Nyumba za kundi moja ziliambiwa ziweke chupa zilizojaa maji juu ya paa tangu asubuhi. Nyumba za kundi la pili zilizihifadhi ndani. Watoto waliokunywa maji yaliyoanikwa walipata kuhara kukali mara chache kuliko wenzao.

Kisha kipindupindu kikaingia katika eneo hilo. Watafiti walirudi kuangalia yaliyozipata nyumba 131 zenye watoto wadogo zilizokuwa katika utafiti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Miongoni mwa watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokuwa wakinywa maji yaliyoanikwa juani, 3 pekee walipata kipindupindu. Miongoni mwa wenzao 144 ambao maji yao hayakuanikwa, waliougua walikuwa 20. Ziweke hesabu hizo moyoni, mama. Tofauti hiyo ililetwa na chupa, paa na jua.

Huko Nakuru nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuata watoto wa chini ya miaka 5. Siku za kuhara damu zilipungua kwa karibu nusu kwa wale walioanikiwa maji.

Ni vyema pia tuambiane ukweli wote. Nchini Bolivia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 haukuona faida ya wazi, na mojawapo ya mambo yaliyoonekana ni kwamba watu wengi hawakuanika maji kila siku. Jua halimsaidii mtoto anayekunywa maji yaliyoanikwa leo na ya mtoni kesho.

Mwaka 1972: habari mbili zilizokutana baadaye

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1972 kulichapishwa habari mbili za kisayansi ambazo, wakati huo, hakuna aliyeona kwamba zinahusiana.

Ya kwanza ilitoka Marekani. Edward Carpenter na Kenneth Smith walivuta nyavu laini katika bahari ya Sargasso, ndani ya Atlantiki, wakakuta vipande vidogo vidogo vya plastiki vikielea mbali sana na nchi kavu. Mwaka 2004, Richard Thompson wa Uingereza na wenzake walionyesha kwamba vipande vingine ni vidogo hata havionekani kwa macho, na jina la mikroplastiki likaenea. Leo neno hilo lina maana ya vipande vyote vilivyo chini ya milimita 5. Vimepatikana hata kwetu: mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya samaki walionunuliwa Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Katika kila samaki 5 wa aina ya sangara, na vilevile katika kila ngege 5, 1 alikuwa na plastiki tumboni.

Habari ya pili ilitoka Japani. Akira Fujishima, alipokuwa mwanafunzi wa mwalimu wake Kenichi Honda, alikuwa ametumbukiza kipande cha titaniamu dayoksaidi ndani ya maji na kukimulika. Mapovu yakatoka. Mwanga ulikuwa unayagawanya maji yenyewe kuwa gesi, bila moto na bila kukimaliza kile kipande. Wao walitafuta namna ya kupata nishati kutoka kwa jua. Lakini mwaka 1977 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba kitu hicho kinaweza kuharibu sumu ya sianidi ndani ya maji, na mwaka 1985 wengine wa Japani wakaonyesha kwamba kinaua vijidudu.

Titaniamu dayoksaidi si kitu kigeni kwako. Ni unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba na katika baadhi ya dawa za meno. Madini yanayotumika kuutengeneza yalichimbwa kwenye mchanga wa Kwale, hapa pwani ya Kenya, kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024, na kusafirishwa ng'ambo.

Unga huu unafanyaje kazi?

Chukua beseni la plastiki uliloliacha uani kwa miaka miwili. Rangi imepauka. Ukiliinua, ukingo unakatika mkononi na kuacha vipande kama maganda. Hiyo ni kazi ya jua. Plastiki imeundwa kwa minyororo mirefu sana, na miale ya jua huikata minyororo hiyo polepole. Lakini jua peke yake huishia njiani. Halimalizi plastiki, bali huivunja kuwa vipande vidogo, na vipande hivyo vikisombwa na mvua hadi mtoni vinakuwa mikroplastiki.

Unga wa titaniamu umekusudiwa kuimaliza kazi ambayo jua liliianza. Mwanga ukiupiga, unga huo huamka, tuseme hivyo, na kuyageuza maji na hewa iliyomo kuwa chembe kali sana zinazoishi kwa muda mfupi mno. Chembe hizo huikatakata minyororo ya plastiki tena na tena. Kazi ikifika mwisho, hubaki maji na kabonidayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Unga wenyewe haupungui, na ndiyo maana huitwa kichocheo cha mwanga.

Na kwa nini wanausaga uwe mdogo sana, wa kipimo cha nano? Fikiria chumvi ya mawe na chumvi laini. Ukizitia kwenye maji kwa kiasi sawa, chumvi laini huyeyuka haraka kwa sababu inagusana na maji pande nyingi zaidi. Unga wa nano ni hivyo hivyo. Ukigawa milimita moja mara milioni moja, kila kipande ni nanomita moja.

Watafiti wale wale wa Dublin walioanika chupa Kajiado walishiriki pia katika kuujaribu unga huu. Mwaka 2004 wao na wenzao wa nchi nyingine waliripoti kwamba walitia ndani ya chupa vipande vilivyopakwa titaniamu dayoksaidi. Vijidudu vilikufa upesi zaidi, lakini nafuu haikuwa kubwa ukilinganisha na chupa na jua peke yake.

Kuhusu plastiki, mwaka 2019 watafiti wa Stockholm, nchini Sweden, walitumia vijiti vidogo vya zinki oksaidi. Baada ya kumulikwa kwa saa 175, utandu wa plastiki wa aina ya mifuko ulikuwa umeanza kupasuka na kukauka, lakini haukuisha. Mwaka 2020 wengine waliripoti kwamba vijipira vidogo mno vya plastiki, vilivyowekwa juu ya utando wa titaniamu dayoksaidi chini ya taa ya urujuanimno, viligeuka karibu vyote kuwa kabonidayoksaidi kwa saa 12. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini angalia: ilikuwa ni maabara, taa maalum, na plastiki ya aina moja iliyotayarishwa kwa jaribio. Maji ya mto yana matope, majani, chumvi na plastiki za kila namna. Matope huzuia mwanga. Na kazi ikikatizwa njiani, plastiki inabaki katika vipande vidogo zaidi kuliko mwanzo. Juu ya hayo, lazima unga wenyewe utolewe kwenye maji kabla ya mtu kunywa.

Kwa hivyo, mama, mtu akija mlangoni kwako au sokoni na unga wa kutia katika mtungi akidai unayeyusha plastiki, usinunue. Unga mkavu wa aina hii si wa kuvuta puani, na mwaka 2022 Jumuiya ya Ulaya iliacha kuuruhusu katika vyakula. Mahali pake, ukikamilika, ni katika mitambo ya kusafisha maji, chini ya wataalamu.

Basi, tuogope nini zaidi?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichunguza tafiti zilizokuwepo kuhusu plastiki katika maji ya kunywa. Lilisema kwamba, kwa ushahidi mdogo uliokuwepo, viwango hivyo havikuonekana kuhatarisha afya, na likataka utafiti uendelee. Likasisitiza pia kwamba hatari ya kwanza katika maji bado ni vijidudu vya kinyesi. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2024 kwamba kuhara huua zaidi ya watoto 440,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka duniani.

Kwa hivyo jibu la swali letu la mwanzo ni hili: usiitupe chupa yako ya kuanika maji kwa kuogopa plastiki, ikiwa huna njia nyingine ya kuua vijidudu. Watafiti wa Uswisi walipima maji ya chupa zilizoanikwa, na mwaka 2008 wakaripoti kwamba kemikali za kulainisha plastiki walizozitafuta zilikuwa katika viwango kama vile vya maji ya chupa ya dukani. Itunze tu chupa hiyo. Ikikwaruzika au kupoteza uangavu, ibadilishe, maana chupa iliyochakaa haipenyezi mwanga vizuri. Ukiwa na chupa ya kioo isiyo na rangi, hiyo pia inafaa.

Yale unayoweza kufanya leo

Ukianika maji: tumia chupa angavu isiyozidi lita 2. Ioshe vizuri. Maji yawe maangavu. Yakiwa na matope, yaache yatulie kisha uyachuje kwa kitambaa safi. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti na uangalie kutoka juu. Usiposoma kichwa cha habari kupitia maji, bado ni machafu mno. Laza chupa juu ya mabati kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha mchana kutwa, chemsha au tumia klorini. Maji yanywewe kutoka chupa hiyo hiyo, au yamiminwe kwenye kikombe kisafi.

Ukichemsha: maji yatokote kabisa kwa dakika 1. Kama unaishi nyanda za juu sana, yaache dakika 3. Kuchemsha kuna faida nyingine. Watafiti wa China waliripoti mwaka 2024 kwamba maji magumu, yale yanayoacha magamba meupe ndani ya birika, yakichemshwa hunasa sehemu kubwa ya chembe za plastiki ndani ya magamba hayo. Yaache yapoe na kutulia, kisha uyachuje.

Ukitumia klorini: fuata vipimo vilivyoandikwa kwenye chupa au pakiti, na ungoje nusu saa kabla ya kunywa.

Kumbuka kwamba jua haliondoi chumvi, dawa za shambani wala floridi inayoharibu meno ya watoto katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa.

Na chupa ya kunyonyea? Hapa kuna jambo muhimu. Mwaka 2020 watafiti wa Dublin waliripoti kwamba chupa za watoto za plastiki zikitiwa maji ya moto huweza kutoa hadi chembe milioni 16 kwa kila lita. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee. Ikiwa kwa sababu ya kiafya mtoto hupewa maziwa ya kopo, yakoroge kwa maji ya moto ndani ya chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu, yapoe, halafu umnyweshe kwa kikombe kisafi. Ikibidi utumie chupa, mimina maziwa yakiwa yamekwisha kupoa. Usipunguze moto wa maji ya kukorogea, kwa maana joto hilo ndilo linaloua vijidudu vilivyomo katika maziwa ya unga.

Pengine utasikia pia kwamba plastiki imeonekana katika maziwa ya mama. Ni kweli, watafiti wa Italia waliripoti hivyo mwaka 2022. Lakini wao wenyewe walisema faida za kunyonyesha ni kubwa zaidi. Endelea kumnyonyesha mwanao.

Na plastiki isiyoingia mtoni haihitaji unga wa kuiondoa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Sisi nyumbani tusitupe chupa na mabeseni yaliyovunjika mitaroni, wala tusiyachome karibu na watoto, kwa maana moshi wake una sumu.

Mambo ya kukumbuka

1. Vijidudu ndivyo hatari ya kwanza katika maji ya mtoto. Chemsha, anika au tia klorini kila siku, bila kuruka.
2. Chupa ya kuanikia iwe angavu, isiyo na mikwaruzo, isiyozidi lita 2.
3. Vitu vya moto visiwekwe kwenye vyombo vya plastiki vya mtoto.
4. Unga wa kumaliza plastiki kwa mwanga bado ni kazi ya maabara. Usiununue na usiungoje.
5. Mtoto akihara, mpe ORS na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Ukiona damu kwenye choo, macho yamebonyea, au hawezi kunywa, mkimbize kituo cha afya.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Katika kijiji chetu, maji ya kunywa yanatoka wapi, na nani huyasafisha nyumbani? Siku za mvua tunafanya nini? Vyombo vya plastiki vilivyozeeka vinaishia wapi?

Miaka karibu 150 imepita tangu mirija ile iwekwe juani. Wanasayansi wanaendelea kuutafuta mwisho wa plastiki, nasi tunawatakia kila la heri. Lakini jua la kesho litachomoza kabla hawajamaliza, na mtoto ataamka na kiu. Jaza chupa yake usiku huu, uianike asubuhi. Kwaheri, na afya njema kwenu nyote.